Vigari vya Kilosa na Mikumi: Tukarabati, Lakini Tusifute Mkono wa Fundi

Mikumi ni mji unaoishi kwa barabara. Usiku na mchana malori yaendayo Iringa, Mbeya, Zambia na Kongo hupita hapo. Mabasi husimama ili abiria wapate chakula. Njia ya kwenda Kidatu na Ifakara huchepukia hapo, na nyingine huelekea kaskazini hadi Kilosa, penye stesheni ya Reli ya Kati. Mtoto akuaye katika sehemu hizo hana haja ya kufundishwa aina za magari. Huzijua kwa mngurumo, kabla gari lenyewe halijaonekana. Basi si ajabu kwamba kando ya msafara huo mkubwa upo msafara mwingine, mdogo, usiotozwa ushuru wala kusimamishwa na askari wa usalama barabarani: vigari vya waya, vya bati, vya mti, vya madumu na vya kandambili, visukumwavyo na watoto kwa usukani mrefu kutoka uani hadi dukani na kurudi.

Makala haya hayahusu vigari vipya. Yanahusu vile vikuukuu vilivyosahauliwa darini, juu ya kabati au chini ya kitanda cha babu. Vile ambavyo gurudumu moja limepotea, bati limeshika kutu na kamba ya kuvutia imeoza. Siku hizi wapo watu wazima, wengine wafanyakazi wa mijini warudio nyumbani kwa likizo, wanaoviokota na kutamani kuvirudishia uhai. Hamu hiyo ni njema. Lakini hatari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kigari cha zamani huweza kuharibiwa na mkarabati katika alasiri moja kuliko kilivyoharibiwa na panya katika miaka 40.

MSAFARA ULIOPITA

Ili kuelewa thamani ya vigari hivi, hatuna budi kukumbuka magari yaliyopita mbele ya macho ya watoto waliovitengeneza.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na muda si mrefu Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia kusini, ikajikuta imekabwa koo. Mapipa ya petroli na dizeli yakaanza kupakiwa malorini Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Zambia kwa barabara ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya udongo: vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika. Ajali zilikuwa nyingi mno hata barabara ikapewa na wageni jina lenye maana ya njia ya jehanamu. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya usafirishaji, na malori ya Fiat kutoka Italia yakaijaza njia hiyo. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kupeleka mafuta Ndola, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi. Mzigo ukagawanyika, lakini barabara haikunyamaza.

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1967, akiketi kando ya barabara hiyo na koleo la kuazima, leo anakaribia miaka 70. Hakuwa na picha ya kunakili. Alitazama lori likipita, akakimbilia uani kabla sura yake haijamtoka kichwani, akakunja waya. Aliyatia kumbukumbuni yale tu aliyoyaona ya maana. Ndiyo sababu katika kigari cha namna hii utakuta kamba za turubai zimefungwa kwa uangalifu wa ajabu, ilhali mlango wa dereva haupo kabisa.

Kilosa ilikuwa na msafara wake. Huko palikuwa na magari moshi, palikuwa na matrekta na matela ya mashamba ya mkonge ya upande wa Kimamba na Rudewa, palikuwa na Land Rover za serikali. Baadaye yakaja mabasi ya KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, ambayo vijana wa leo hawaijui hata kwa jina. Na mtoto aliyewahi kupelekwa Dar es Salaam alirudi na habari za Ikarus za UDA, yale mabasi marefu kutoka Hungaria yenye kiungo katikati, akatafuta namna ya kuunganisha makopo mawili kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili nalo lipinde konani.

Sasa fikiri, ndugu msomaji: magari yale makubwa yako wapi? Mengi yamekwisha katwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Picha zake ni chache, kwani kamera hazikuwa mikononi mwa watu wa kawaida, na mwenye kamera hakupoteza filamu kwa lori. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipouvamia mji wa Kilosa, yalibomoa nyumba na reli. Yalichukua pia mengi yaliyokuwa chini ya vitanda, ambayo hayaandikwi katika ripoti yo yote. Kwa hiyo katika familia nyingine kigari chenye kutu ndicho ushahidi pekee uliosalia wa gari ambalo mzee wa nyumba ile alilipenda, alilipakia mizigo, au alilikimbiza akiwa mtoto.

KUUJUA UMRI WAKE

Kabla ya kutafuta rangi na msumari, mtu akae nacho kwanza akisome. Mwili wa kigari husema mengi. Kichwa chenye pua ndefu huelekea kuwa Bedford au Leyland ya zamani. Uso bapa uliosimama wima, ukiwa juu ya lori la mizigo mirefu, huenda ni Fiat. Herufi E.A.R. zilizochorwa ubavuni ni za shirika la reli la Afrika Mashariki, nazo hazikuwa na maana baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Mwili uliokatwa kutoka katika debe la bati kwa kawaida ni mkongwe kuliko uliokatwa kutoka katika chupa ya maji ya kunywa, kwa kuwa chupa hizo za plastiki zilienea kwetu kuanzia miaka ya 1990. Hata kandambili iliyotoa magurudumu ina habari: tazama rangi ya tabaka zake, tazama kama imelika upande mmoja, maana yake mtoto yule alikuwa akikata kona kwa kasi.

Hivi vyote vitapotea ukianza kwa kusugua.

NDUGU ZAO WA NG'AMBO

Kazi hii ya kufufua vigari vya zamani si ya kwetu peke yetu. Malawi neno galimoto, ambalo maana yake ni gari, ndilo pia jina la kigari cha waya. Na katika nchi nyingi za kusini mwa Afrika ufundi huu unajulikana sana. Ulaya, Marekani na Japani mchezo umechukua sura nyingine: huko gari la mfano huuzwa dukani likiwa vipande vya plastiki ndani ya boksi, pamoja na karatasi ya maelekezo, na mnunuzi hujiunganishia mwenyewe kwa gundi.

Asili ya biashara hiyo inamhusu hata mkulima wa Kilosa. Mwaka 1949 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitengeneza mfano mdogo wa trekta la Ferguson, ili mawakala wa trekta hilo wawaonyeshe wateja. Haikuwa mchezo wa watoto, ilikuwa biashara. Baadaye vipande vyake vikauzwa bila kuunganishwa, na hicho ndicho kikawa chanzo cha seti za magari na ndege za kampuni hiyo. Marekani nako kampuni ya AMT ilianza kwa kutengenezea wauza magari mifano iliyo tayari; mwaka 1958 ikatoa seti zilizompa mnunuzi hiari tatu ndani ya boksi moja: aliunganishe gari kama lilivyotoka kiwandani, alirembeshe apendavyo, au aligeuze kuwa la mashindano. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa seti ya Datsun 240Z iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971. Gari lililotimuliwa vumbi na udongo wetu likapunguzwa na kurudi duniani ndani ya boksi.

Na tusidhani kwamba kuunganisha seti ni jambo geni nchini. Katika miaka ya 1980 malori ya Scania yalikuwa yakiunganishwa katika kiwanda cha TAMCO, Kibaha, kwa vipande vilivyotoka Sweden. Tofauti ilikuwa ukubwa wa boksi.

Seti hizo za plastiki hufika kwetu mara chache: katika mabelo ya mitumba ya vitu vya watoto, au katika sanduku la ndugu aliyesoma ng'ambo. Aghalabu hufika zikiwa zimekwisha unganishwa vibaya na mtoto wa huko, gundi imetapakaa, rangi imepakwa kwa brashi nene kama ya kupakia mlango. Hapo ndipo mafundi wa ng'ambo na wa kwetu hukutana, kwani tatizo lao ni moja.

PLASTIKI SI MOJA

Kosa la kwanza la mkarabati ni kudhani kwamba plastiki zote ni ndugu wa tumbo moja. Dumu haligandi kwa gundi inayogandisha seti, na seti haivumilii moto unaoponya dumu. Lakini iko njia rahisi ya kuzitambua, nayo haitaki maabara.

Chukua glasi mbili za maji. Moja iwe ya maji matupu. Ya pili korogea chumvi mpaka ikatae kuyeyuka. Kata kijipande kidogo, safi, kisicho na rangi wala mapovu ya hewa, ukizamishe kwa kidole na kukiachia. Kikielea katika maji matupu, ni jamii ya madumu, ndoo na vifuniko. Kikizama katika maji matupu lakini kikaelea katika maji ya chumvi, yamkini ni polistirini, ambayo ndiyo plastiki ya seti za magari, au ndugu yake wa karibu. Kikizama kote kuwili, huenda ni chupa ya maji au ya soda, au bomba la plastiki la mafundi wa maji.

Jamii ya kwanza ina ngozi isiyoshika gundi. Dawa yake inajulikana na mafundi wetu wa kuziba ndoo: bapa la chuma lililopashwa moto, kipande cha dumu la aina ile ile kikiyeyushwa juu ya ufa, au ufa kutobolewa matundu na kushonwa kwa waya mwembamba. Kwa kigari cha zamani mshono ni bora kuliko moto. Mshono huweza kufumuliwa na mjukuu mwenye ujuzi zaidi, kilichoyeyushwa hakirudi.

Jamii ya pili, yaani polistirini, hupatana na gundi ya namna ya pekee ambayo kwa hakika si gundi, bali ni dawa inayoyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Ndiyo sababu kiungo kilichofanywa vizuri hakionekani, na kilichofanywa vibaya ni kovu la milele. Ikiwa seti imeunganishwa kombo, mafundi huitia katika mfuko na kuilaza ndani ya friza usiku mmoja; baridi huifanya gundi kuukuu iwe kavu kama kaukau, na kiungo huachia kwa kupindwa polepole. Bodi iliyopinda kwa joto hulainishwa katika maji ya moto yasiyochemka, kisha hushikiliwa katika umbo lake mpaka ipoe. Rangi nene ya zamani huondolewa kwa kulowekwa katika mafuta ya breki, siku moja au zaidi, kisha husuguliwa kwa mswaki mkuukuu na sabuni. Jaribu kwanza sehemu iliyofichika, chini ya sakafu ya gari. Na jambo hili nalisema kwa mkazo, kwa kuwa gazeti hili husomwa na familia: mafuta ya breki ni sumu. Yawekwe katika chombo chenye kifuniko, chenye maandishi, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto, wala chombo hicho kisirudi tena kazini mwa chakula.

Vile vijiti vinavyoshikilia vipande vya seti ndani ya boksi visitupwe. Vikikatwakatwa na kuyeyushwa ndani ya gundi yake huwa uji mzito wa kuzibia mashimo, na ukauke siku kadhaa kabla ya kupigwa msasa. Kijiti kile kile kikishikwa juu ya mshumaa bila kuguswa na ndimi, kisha kikavutwa kwa mikono miwili, hurefuka kuwa uzi mwembamba, nao hufaa kuwa antena ya redio.

Jamii ya tatu haitaki moto kabisa. Chupa ya maji hujikunja kama jani, na bomba la plastiki hutoa moshi wenye sumu. Hapo tumia waya, skrubu ndogo au uzi.

WAYA, BATI NA MKONGE

Waya huvunjika mahali ulipokunjwa mara nyingi, kwa sababu kila mkunjo huufanya uwe mgumu zaidi hata ukakatika. Kwa hiyo mtu asijaribu kuzinyosha kona zote ili kigari kionekane kipya. Kona moja iliyokaa imara kwa miaka 30 ikinyoshwa na kukunjwa upya inaweza kukatika papo hapo. Waya mweusi wa kufungia nondo ukipashwa moto mpaka uwe mwekundu na kuachwa upoe wenyewe taratibu, hulainika, na huo ndio ufaao kwa kipande cha kuongeza. Waya mweupe wenye zinki usitiwe motoni, maana mvuke wake huumiza kifua.

Kutu ya bati huondoka kwa maji ya ndimu au ukwaju, kitambaa na subira. Suuza, kausha juani, paka mafuta kidogo. Lakini pale penye maandishi ya kiwanda, jina la mafuta ya kupikia au la maziwa ya unga yaliyokuwemo koponi, ndimu isifike. Maandishi hayo ni kama cheti cha kuzaliwa cha kigari. Yapanguswe kwa kitambaa laini chenye mafuta, basi.

Pande za Kilosa upo mti unaostahili kutajwa peke yake. Mkonge unapozeeka hutoa mlingoti mrefu wa maua, na mlingoti huo ukikauka moyo wake huwa mwepesi, laini, wenye kukatika kwa kisu cha jikoni. Kwa mtoto wa shambani hakuna mbao bora kuliko hiyo: lori zima huchongwa asubuhi na kufanya safari ya kwanza jioni. Udhaifu wake ni bungua. Ukiona unga mwembamba chini ya kigari kila asubuhi, jua kuna mpangaji ndani. Mafuta ya taa yakidondoshwa tunduni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha kigari kikafungwa katika mfuko siku chache mbali na moto, kwa kawaida humtoa. Mti ukishakuwa kama sifongo kwa ndani, usiujaze saruji kama nilivyoona mtu akifanya. Uzito wake huvunja hata kilichobaki. Unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe ya maseremala unatosha.

KIZIBO CHA SODA

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu jambo hili lilinifurahisha kuliko yote.

Seti nyingi za magari za Marekani hupimwa 1 kwa 25, yaani kila sentimita 25 za gari halisi huwa sentimita 1 ya mfano. Chukua Land Rover 109, ile ndefu tuliyoizoea katika ofisi za wilaya, katika misheni na katika mbuga. Namba 109 ni umbali wa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, nao ni karibu sentimita 277. Ukigawa kwa 25 unapata sentimita 11 na kidogo. Tairi lake la kawaida lina kimo cha sentimita 80 hivi. Ligawe kwa 25 upate sentimita 3.2.

Sasa chukua kizibo cha chupa ya soda, kile cha bati chenye meno, ukipime. Upana wake ni sentimita 3.2.

Watoto wetu, bila rula wala karatasi ya maelekezo, walichagua gurudumu ambalo kiwanda cha ng'ambo kingelichagua kwa hesabu. Meno yake yamekuwa kashata za tairi. Kwa lori kubwa, ambalo tairi lake hupita mita 1 kwa kimo, kizibo ni kidogo mno, na jicho la mtoto lililijua hilo pia, ndipo akaenda kwenye kandambili na kwenye vifuniko vya madumu. Basi anayetaka kurudishia gurudumu lililopotea asikimbilie kununua la kigari cha plastiki kutoka Kariakoo. Apime yaliyobaki, atafute kitu cha aina ile ile, chenye umri ule ule ikiwezekana. Na anayetaka kutengeneza mfano wa basi lenye urefu wa mita 11, ajue anahitaji mwili wa sentimita 44, na aanze kutafuta kopo au dumu la kutosha kabla hajakata kitu.

UGOMVI WA RANGI

Watu hawakubaliani juu ya jambo moja. Je, kigari kipakwe rangi upya?

Wapo wanaosema kwamba kukarabati ni kurudisha kitu kama kilivyokuwa siku ya kwanza, na siku ya kwanza kiling'aa. Wapo wasemao kwamba mkwaruzo ni historia na usiguswe. Ng'ambo ugomvi huu umewagawa wapenzi wa seti za zamani: mmoja huvua rangi yote na kuanza upya, mwingine hununua seti iliyovunjika kwa bei kubwa na kuiacha vivyo hivyo chini ya kioo.

Kwa maoni yangu jibu linategemea nani alikitengeneza. Seti ya plastiki ilitoka kiwandani, na maelfu ya ndugu zake wanafanana nayo. Rangi iliyopakwa ovyo na mtu asiyejulikana inaweza kuvuliwa bila hasara. Lakini lori la debe la mwaka 1967 halina ndugu. Ubavuni pake huenda liko jina la dereva lililoandikwa kwa makaa, herufi moja imegeuka nyuma. Hapo brashi isifike. Rudisha gurudumu lililoanguka, kaza ekseli, zuia kutu, toa bungua, halafu weka chini vyombo. Kipande kipya kionekane kuwa kipya kwa mtu anayekitazama kwa karibu, asidanganywe.

Hivyo si kusema kwamba kurembesha ni dhambi. Ni furaha kubwa, na watoto wa barabarani Mikumi hawahitaji kuifundishwa: huongeza antena ndefu, kibendera, vipande vya mpira nyuma ya magurudumu, bulbu ya tochi na betri chini ya turubai, na maandishi ya nyuma ya basi yanayomcheka anayefuata. Ila kurembesha kufanywe juu ya kigari kipya au cha jana. Ikiwa kijana anatamani lori la babu liwe na taa, na atengeneze pacha wake. Akae na lile la zamani mbele yake, apime, anakili kila mkunjo, kisha amtie pacha taa, honi na kila anachotaka. Katika kunakili atajifunza mengi ambayo kusifia tu hakufundishi: kwa nini waya wa usukani umepita chini ya ekseli badala ya juu, kwa nini upande wa kulia umekazwa mara mbili.

JIONI ZA NYUMBANI

Kazi hii inafaa kwa familia kwa sababu ina nafasi ya kila mmoja, wala si ya wavulana peke yao. Kushona ufa wa dumu kwa mshono ulionyooka ni kazi ambayo wasichana wengi wataifanya vizuri kuliko kaka zao, na hakuna sababu ya kuwafukuza kwenye koleo. Mama au baba ashike kisu, moto na dawa. Watoto washike kitambaa, glasi za maji ya chumvi na kitabu cha kumbukumbu. Gundi na rangi zitumiwe nje au dirisha likiwa wazi, wala mtoto asiachwe peke yake na kopo la gundi, kwa sababu zinazojulikana na kila mzazi wa mjini.

Gharama si kubwa, ila subira ni ghali. Mtu atakayemaliza lori moja kwa jioni moja amelikimbiza.

Neno moja juu ya biashara. Mikumi ni mlango wa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, na wageni hupita wakitafuta kitu cha kubeba. Wanaotengeneza vigari vipya wawauzie, tena kwa bei ya kazi si ya huruma. Lakini kile cha babu, kabla hakijatolewa kwa noti mbili, kwanza apewe babu mwenyewe akishike, aulizwe ni gari gani, la nani, lilipita lini, lilibeba nini. Majibu yaandikwe katika kipande cha karatasi: mahali, mwaka, jina la aliyekitengeneza, gari aliloliiga, na vipande vilivyobadilishwa wakati wa ukarabati pamoja na tarehe. Karatasi ikunjwe, iwekwe ndani ya kichwa cha gari, mahali pa dereva.

Yapo bado magari ambayo ningependa kuona mifano yake ikitengenezwa kabla walioyaona hawajapungua. La kwanza ni lori la Nyumbu, lililobuniwa katika kituo cha teknolojia ya magari cha Kibaha kilichoanzishwa mwaka 1985, lenye jina la mnyama ambaye watoto wa Mikumi humwona akichunga karibu na lami. La pili ni jipya kabisa. Tangu mwaka 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zinapita Kilosa na kuingia katika mahandaki ya milima yake, na waya wa kufungia nondo hauwezi kuigiza ile pua yake laini iliyochongoka. Kona ya dumu la lita 20 inaweza, ikikatwa mshazari kutoka kwenye mkono wa dumu hadi chini, na behewa zifuatazo zikatoka katika mbavu zake mbili zilizo bapa.